Chuma Huota Matawi

Mabati ya Nyalenda, hapa Kisumu, ni maabara. Usicheke. Panda ghorofa yoyote kando ya Ring Road asubuhi, jua likiwa bado pole, utazame paa zilizoezekwa zamani, kabla ya haya mabati ya rangi kuingia sokoni. Utaona maua ya kijivu, mengine ya upana wa kucha, mengine ya upana wa kiganja. Moja linang'aa, la jirani yake limefifia. Ukilipata bati moja chini ukalisogeza jichoni, utaona ndani ya kila ua mistari myembamba inayotoka katikati, na kila mstari umeota vijistari pembeni.

Bati hilo la chuma lilichovywa katika zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Lilipotolewa, zinki ikaanza kuganda. Haikuganda yote kwa mpigo. Ilianza nukta moja hapa, nyingine pale, na kila nukta ikapanga atomu zake safu juu ya safu mpaka ikakutana na jirani. Kila ua ni fuwele moja. Safu za hili zimeelekea huku na za lile kule, ndiyo maana mwanga wa jua unarudi kwa namna tofauti na moja linang'aa kuliko jingine. Ile mistari yenye vijistari vya pembeni huitwa dendraiti: ni matawi ya fuwele, yaliyogandia palepale yalipokuwa yakikua.

Ninaanza na paa kwa sababu ninalotaka kueleza ni panga la turbini, kile kipande kidogo kinachozunguka ndani ya injini ya ndege, mahali penye joto kuliko pengine pote. Watu wengi hudhani vitu hivi viwili havijuani. Vinajuana sana.

Kibanda cha kusubu

Mimi nilifundisha kazi ya kusubu chuoni kwa miaka mingi, na sasa nina kibanda Nyalenda B ninapofanya kazi na mafundi vijana. Wananiita Japuonj, mwalimu, hata wanapokuwa na hasira nami. Tunasubu sufuria nzito za ugali, puli za mashine za posho, na mapanga ya injini za mashua ambayo wavuvi wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, hutuletea yakiwa yamegonga mawe. Malighafi yetu ni pistoni kuukuu, rimu za magari na sufuria zilizotoboka. Aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660, na hii ya pistoni, kwa sababu ina silikoni ndani yake, huanza kulegea kabla ya hapo. Jiko la makaa na feni vinatosha.

Kalibu yetu ni mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, umeshindiliwa ndani ya fremu mbili za mbao. Tunatengeneza shimo lenye umbo la panga, tunamimina, tunangoja. Siku moja kijana anayechunga feni aliuliza, "Japuonj, hili letu linazunguka majini na bado linavunjika. La ndege linazunguka motoni. Wanalitia nini?"

Nikamwambia, "Omera, wanachotia ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni jinsi wanavyoliacha ligande."

Makala haya ni ya nusu hiyo ya pili. Ya kwanza huzungumzwa sana, kwa kuwa kila mtu akisikia chuma kigumu huuliza kimechanganywa na nini. Ya pili husahauliwa, ingawa kila anayemimina metali popote duniani anaifanya, awe anajua au hajui.

Pale fuwele zinapokutana

Ukimimina aluminiamu katika mchanga, joto hutoka kila upande. Fuwele nyingi huanza kukua kutoka kwenye kuta za kalibu na hata katikati ya uji wenyewe, kila moja ikiwa imeelekea kwake. Mwisho zinabanana, na kila mahali zilipokutana panabaki mpaka. Katika sufuria mipaka hiyo haina ubaya. Kwa joto la jikoni, metali yenye fuwele ndogo nyingi kwa kawaida huwa imara kuliko yenye fuwele chache kubwa, kwa sababu mipaka huzuia safu za atomu zisiteleze kwa urahisi.

Motoni mambo hugeuka. Atomu zilizo mpakani hazikupangika sawasawa upande wowote, na joto likizidi ndizo za kwanza kuhama. Ni kama mipaka ya mashamba kule kwetu: hakuna anayepalilia pale, kwa hiyo ndipo njia ya miguu inapoanzia. Oksijeni hupenyea mpakani, vitundu huanzia mpakani, na ufa hufuata mpaka.

Sasa tazama kazi ya lile panga. Boeing 737-800, ndege ambazo Kenya Airways imezitumia kwa miaka, huendeshwa na injini aina ya CFM56-7B. Sehemu yake ya ndani huzunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Mzunguko huo huvuta kila panga kuelekea nje kwa nguvu ya tani kadhaa, na panga lenyewe hulingana na kidole. Katika injini kubwa za leo gesi inayopiga mapanga ya kwanza hupita nyuzi 1,500, wakati nikeli safi huyeyuka kwa 1,455. Panga haliyeyuki kwa sababu limetobolewa njia ndogo ndani yake zinazopitisha hewa ya kulipoza, na nje limepakwa tabaka la kauri. Hata hivyo metali yenyewe huishi kwenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, ikivutwa saa baada ya saa. Katika hali hiyo metali hurefuka polepole hata kama haijavunjika. Panga likirefuka kidogo tu, ncha yake hugusa ukuta wa injini.

Hata karibu nasi zipo turbini. Kampuni ya umeme ya KenGen ina kituo Muhoroni chenye mitambo iliyohamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, na mitambo hiyo iliwekwa ili igeuze joto la mafuta kuwa umeme wa kanda ya magharibi. Mitambo ya nchi kavu si lazima iwe na mapanga kama yale ya ndege, lakini adui wake ni yuleyule: joto na mvuto vikifanya kazi pamoja.

Kutoka fuwele nyingi hadi moja

Mapanga ya injini za kwanza za jeti, miaka ya 1940, yalikuwa na fuwele nyingi zisizo na mpangilio. Wahandisi waliyaboresha kwa kubadilisha mchanganyiko: nikeli, kromiamu, kidogo cha titani na aluminiamu. Katika miaka ya 1960 Frank VerSnyder wa kampuni ya Marekani ya Pratt & Whitney aliligeuza swali. Ikiwa mipaka inayokata panga kwa upana ndiyo inayofunguka kwa mvuto, kwa nini fuwele zisigande zikiwa ndefu, kuanzia shina la panga hadi ncha, ili mipaka iende sambamba na mvuto? Ikawezekana. Mwenzake Barry Piearcey akavuka hatua iliyofuata: fuwele moja tu, panga zima, bila mpaka wowote. Mwaka 1982 mapanga ya namna hiyo yaliingia katika ndege za abiria kupitia injini ya JT9D-7R4. Leo injini kubwa za abiria, pamoja na ile CFM56-7B, huyategemea.

Njia ya kukuza fuwele moja haikuzaliwa katika viwanda vya ndege. Percy Bridgman, mwanafizikia wa Harvard aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi yake kuhusu mgandamizo mkubwa, alikuwa ameieleza tangu miaka ya 1920. Wazo lake ni jepesi kulisema: chombo chenye metali iliyoyeyuka kishushwe taratibu kutoka mahali pa moto hadi mahali pa baridi, ili kuganda kuanze chini na kupande juu.

Kiwandani huanza na nta. Panga huundwa kwa nta, likiwa limezunguka vijiti vya kauri vyenye umbo la zile njia za hewa. Nta huchovywa katika uji wa kauri mara nyingi mpaka ipate ganda gumu, kisha huyeyushwa itoke. Sisi Nyalenda hutumia kifani cha mbao na mchanga, wao hutumia nta na kauri, lakini shimo ni shimo. Ganda hilo huwekwa ndani ya tanuri lenye ombwe, kwa sababu hewa ingeila aluminiamu na titani zilizomo. Chini yake, badala ya kitako, pana bamba la shaba linalopozwa kwa maji. Aloi humiminwa, kisha ganda zima hushushwa kutoka tanurini kwa mwendo wa milimita chache tu kwa dakika. Panga la sentimita kumi na kitu hivi huweza kuchukua saa nzima kuganda. Kuta zote ni za moto isipokuwa chini, hivyo joto halina pa kutokea ila kwenye lile bamba la shaba.

Mashindano ya matawi

Hapo ndipo dendraiti zinapoingia, na hapa naomba msomaji asiharakishe.

Aloi inapoganda, sehemu iliyoganda haipokei kila kitu kilichomo kwenye uji. Vitu vingine husukumwa nje, vikajilimbikiza mbele ya ukuta unaoganda, na mahali vilipojilimbikiza uji unahitaji baridi zaidi ili ugande. Kinundu kidogo cha ukuta kikitokeza mbele, hujikuta katika uji usio na limbiko hilo, kikaganda upesi kuliko wenzake, kikazidi kutokeza. Kikawa shina. Shina nalo likasukuma uchafu wake pembeni, na kwa sababu ileile likaota matawi, na matawi yakaota matawi. Ndivyo kila dendraiti inavyozaliwa, ya zinki kwenye bati na ya nikeli kwenye panga.

Ila matawi hayaoti ovyo. Hufuata jinsi atomu zilivyopangwa. Atomu za zinki hupangika kwa umbo la pembe sita, ndiyo maana ua la bati likilala vizuri huonyesha mikono iliyoachana kwa nyuzi 60. Nikeli hupangika kwa umbo la mchemraba, na matawi yake huachana kwa nyuzi 90 kamili: ukilikata panga la fuwele moja kwa upana ukalisugua, utaona misalaba midogo imejipanga safu, na kati ya shina na shina pana theluthi hadi nusu ya milimita. Aluminiamu ni wa ukoo huohuo wa mchemraba. Panga la mashua tunalolimimina Nyalenda limejaa misalaba ileile. Tofauti ni kwamba kwetu kila kundi la misalaba limeelekea upande wake.

Juu ya bamba la shaba huanza fuwele nyingi sana, kila moja na mwelekeo wake. Lakini dendraiti hupenda kukua kufuata kingo za mchemraba. Fuwele ambayo ukingo wake umeelekea juu moja kwa moja, sambamba na njia ya joto, hupanda bila kupoteza hatua. Ile iliyolala mshazari hubidi ikimbie umbali mrefu zaidi ili ifike urefu uleule, hivyo hubaki nyuma, na matawi ya mwenzake humfungia njia. Baada ya sentimita tatu hivi zinabaki fuwele chache, zote zikiwa karibu wima. Juu yao wahandisi hutengeneza njia nyembamba iliyojipinda kwa mzunguko. Zinaingia fuwele kadhaa, inatoka moja. Hiyo moja ndiyo hulijaza panga zima. Wengine hawangoji mashindano: huweka chini kipande cha fuwele iliyokwisha kupimwa, na uji ukagandia juu yake kwa mwelekeo wake.

Mwelekeo huo una faida nyingine, na hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Fuwele ya nikeli haina ugumu sawa kila upande. Ukiivuta kufuata ukingo wa mchemraba, kipimo chake cha kukataa kunyumbuka ni takriban gigapaskali 130. Ukiivuta kutoka kona ya mchemraba hadi kona ya mkabala, ni takriban 300. Injini inapowashwa, ukingo wa panga hupata moto kabla ya sehemu ya ndani, na injini ikizimwa hupoa kwanza. Metali inayonyumbuka hupokea misukosuko hiyo bila kujipasua. Kwa hiyo upande ambao dendraiti hukimbilia zenyewe ndio upande unaodumu zaidi. Viwanda hukubali panga lililopotoka mpaka nyuzi 10 au 15 kutoka wima, na huupima upotofu huo kwa eksirei, kwa elimu iliyoanzia kwa Max von Laue mwaka 1912.

Tantalamu na madoa

Matawi huleta pia maradhi. Katika aloi za kizazi cha pili za fuwele moja, kama ile iitwayo CMSX-4, kuna reniamu asilimia 3 na wolframu asilimia 6 hivi, metali nzito zinazopenda kukaa katika shina la dendraiti. Uji uliobaki kati ya matawi unakuwa mwepesi kuliko uji ulio juu yake. Kitu chepesi kikiwa chini ya kizito hutaka kupanda, nao hupanda kwa vijito, ukivunja ncha za matawi njiani. Vipande vilivyovunjika hugeuka kuwa fuwele ndogo zilizopangana mstari, na kila moja ina mpaka. Panga lenye mstari huo wa madoa hutupwa.

Dawa mojawapo ni tantalamu. Hii ni metali nzito, lakini yenyewe hupenda kubaki kwenye uji, kwa hiyo huupa uzito na kuuzuia usipande. CMSX-4 ina asilimia 6.5 yake. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani nyingi ya dunia huchimbwa upande wetu huu, mathalani Rubaya katika Masisi, Kivu Kaskazini, mahali ambapo watu wamepigana kwa ajili ya mashimo hayo kwa miaka. Kobalti, ambayo aloi hizi huwa nayo karibu asilimia 10, kwa zaidi ya nusu ya mahitaji ya dunia hutoka Kongo, kule Kolwezi na jirani zake. Nikeli yenyewe imelala ardhini Kabanga, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, si mbali na ziwa letu. Vingi vinavyotiwa ndani ya panga vipo Afrika Mashariki na Kati. Kilicho mbali ni ile nusu ya pili, ufundi wa kugandisha.

Baada ya kuganda panga hurudishwa tanurini, karibu nyuzi 1,300, kwa saa nyingi, ili tofauti kati ya shina na pembeni zipungue. Likipozwa, ndani yake huzaliwa vijimchemraba vya nikeli na aluminiamu, kila kimoja upana wake ni karibu nusu ya elfu moja ya milimita, vimejaza kama asilimia 70 ya metali yote. Hivyo ndivyo vinavyozuia safu za atomu zisiteleze pale ambapo hakuna tena mipaka ya kuzizuia.

Ziwa hili si geni kwa jambo hili

Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la *Science* utafiti wao juu ya Wahaya wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya jadi, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ili hewa ipate joto kabla ya kufika motoni. Watafiti hao walidai kwamba chuma kilichopatikana kilikuwa kimekua kama fuwele ndani ya tanuri, na kwamba mabaki ya tanuri za jinsi hiyo yana umri wa miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000. Wasomi wengine wameyapinga baadhi ya madai hayo, hasa lile la hewa kupashwa moto. Halijapingwa kwamba kando ya ziwa hili watu walifua chuma vizuri zamani sana. Upande wetu wa Kenya majembe ya Wasamia yaliuzwa mbali, mpaka majembe ya kuletwa kwa meli yakaua soko lake.

Nayataja haya kwa sababu vijana wangu husema sayansi ya fuwele ni ya wazungu wa ndege. Hapana. Tusidanganyane pia: Nyalenda haitatengeneza panga la turbini. Tanuri la ombwe, kauri isiyoharibika kwa nyuzi 1,500, mashine ya eksirei na watu wa kuvisoma vipimo vyake, hivyo havinunuliwi kwa faida ya sufuria.

Lakini ngazi ni moja, na sisi tuko kwenye kidato chake cha kwanza. Panga la mashua huvunjikia shingoni, pale bawa linapoungana na kitovu, kwa sababu kitovu kinene huganda mwisho na kufyonza uji kutoka shingoni. Aluminiamu hupungua kwa karibu asilimia 6 inapoganda. Kwa hiyo tunazika kipande cha chuma baridi mchangani kwenye ncha za mabawa, na tunaacha hifadhi kubwa ya uji juu ya kitovu. Ncha zinaganda kwanza, kisha mabawa, kisha shingo, kisha kitovu, na hifadhi mwisho kabisa, ikilisha wote waliotangulia. Joto limepewa njia. VerSnyder alianzia papo hapo.

Vyuo vyetu vya ufundi huwafundisha wanafunzi kiwango cha kuyeyuka cha kila metali, na mtihani huulizia hicho. Kuganda hupewa ukurasa mmoja. Ningekuwa na uwezo ningegeuza uzito huo, na vifaa havingezidi msumeno, msasa, glavu, miwani na kostiki soda kidogo. Chukua panga lililovunjika, likate kupitia shingo, lisugue mpaka ling'ae, lipake kostiki kwa tahadhari, ulisuuze. Fuwele zitajitokeza machoni, ndogo ukutani, ndefu kuelekea ndani, na katikati vitundu. Kisha mwulize mwanafunzi swali moja tu: joto lilitokea wapi? Akiweza kulijibu kwa kuonyesha kidole, amekwisha kuanza somo ambalo mwisho wake ni panga la fuwele moja.